Mume wangu anawadanganya madaktari, na aliyemfunga mdomo ni kaka yangu

Shangazi mpendwa, naomba uisome barua hii mpaka mwisho hata kama mwandiko wangu unakuchosha, maana nimebaki peke yangu na jambo ambalo siwezi kumwambia jirani wala ndugu, na kila nikitaka kufungua mdomo naona nitamponya mmoja nimuue mwingine.

Mimi ni mke wa mtu na mama wa watoto wawili. Mume wangu anafanya kazi kwenye kampuni inayopiga picha mabomba makubwa ya gesi, si picha hizi za sherehe, ni picha za kuangalia kama pale mafundi walipochomelea pameshika vizuri mpaka ndani, na kwa kazi hiyo wana mashine nzito kama jiwe, ndani yake kuna kichuma chenye mionzi, kidogo kama ncha ya penseli, kinasukumwa nje kwa waya kupitia mpira mrefu, kinapiga picha, halafu kinavutwa kurudi kwenye mashine na kufungiwa humo. Kiongozi wa kikosi chao ni kaka yangu wa tumbo moja. Ndiye aliyenilea wazazi wetu walipofariki, aliacha shule ili mimi nisome, na ndiye aliyemwingiza mume wangu kwenye kazi hiyo, na walivyokuwa wakipendana mashemeji hawa, watu walidhani wao ndio ndugu na mimi ndiye niliyekuja kuolewa pale.

Siku ya tukio mvua ilikuwa inanyemelea na kazi ilikuwa imechelewa na bosi alikuwa anapiga simu kila saa. Waya ukawa mgumu kurudi, wakauvuta hivyo hivyo, wakawa hawana hakika kama kichuma kimeingia. Kila kikosi kina kifaa kidogo cha kuvaa kiunoni kinacholia kikikaribia mionzi, wenyewe wanakiita jogoo, na siku hiyo jogoo alikuwa kimya, basi kaka akasema, "Jogoo hajawika, kitu kiko ndani, fungua mpira tuondoke." Mume wangu akaufungua kwa mikono yake, akaishika ile ncha, akautikisa kutoa mchanga, akauviringisha, akautundika begani hadi kwenye gari. Kumbe jogoo alinyamaza kwa sababu betri ilikuwa imekufa, na kichuma kilikuwa kimenasa mle mle kwenye mpira, karibu kabisa na vidole vyake. Kaka alikuja kugundua alipowasha kifaa kingine kilichokuwa garini, kikalia kama kimepagawa, akampigia kelele autupe ule mpira chini akimbie, halafu yeye mwenyewe akakirudisha kichuma kwenye mashine kwa koleo refu.

Jioni ile mume wangu alitapika mpaka akaishiwa nguvu, mimi nikadhani amekula kitu kilicholala. Kesho yake vidole vilikuwa vyekundu kama vya mtu aliyefua na sabuni kali, vikatulia, tukashukuru. Baadaye yakaibuka malengelenge, ngozi ikaanza kuvuka, nywele za upande mmoja wa shingo zikawa zinabaki kwenye mto, na maumivu yakaja, Shangazi, mwanaume huyu aliwahi kuangukiwa na chuma mguuni akarudi nyumbani anacheka, sasa nikamkuta bafuni amefungulia maji ili watoto wasimsikie analia.

Kaka akaja nyumbani. Hakukaa. Alisimama pale mlangoni na kofia yake ya kazi mkononi, akasema, "Shemeji, nenda hospitali, lakini useme umemwagikiwa mafuta ya moto hapa nyumbani. Ukiitaja mashine, mimi nafungwa, kikosi kizima kinakosa kazi, na wewe hakuna atakayekuajiri tena." Halafu akanigeukia mimi. "Mdogo wangu, nimekubeba mgongoni wewe. Leo nibebe." Mume wangu akaniapisha hapo hapo, kwa majina ya watoto wetu, kwamba sitasema.

Basi tukasema ni mafuta. Na mafuta ya nyumbani yanamwagwa na nani kama si mke? Wauguzi wakawa wananipita wananiangalia chini mpaka juu, mmoja akaniuliza huku anabadilisha bandeji, "Mlikuwa mnagombania nini, dada?" Mama mkwe amekuja akawachukua watoto, akaniambia mbele ya wagonjwa wengine, "Mwanangu nilikupa mzima." Nikainamisha kichwa. Mume wangu alikuwa macho, alisikia kila neno, akageukia ukutani.

Sasa daktari mwenyewe ameanza kushtuka. Aliniita kando akaniambia, "Jeraha la mafuta hupona, hili kila siku linachimba kwenda chini. Na chembe nyeupe za damu yake zimeshuka vibaya, tumempima kila ugonjwa hatuoni kitu. Kuna jambo hamjaniambia?" Nikasema, "Hakuna, daktari." Nilisema hivyo, Shangazi, nikiwa nimeshika shuka za kubadilisha. Sasa wanapanga kuchukua ngozi ya paja wapachike mkononi. Na kaka ameniambia kwenye simu, kama vile ananituliza, kwamba kazi haijasimama, wamepata mtu mwingine wa kushika nafasi ya mume wangu, na mashine ni ile ile.

Na jambo la mwisho ninaloona aibu kulisema, kabla hajalazwa nilikuwa nalala chini sakafuni, na mpaka leo namlisha kwa kijiko nikiwa nimenyoosha mkono mbali, naogopa hiyo mionzi itanirukia niwapelekee watoto. Anaona.

Nikisema, nimemzika kaka yangu. Nikinyamaza, namwangalia baba wa watoto wangu anaoza. Nifanyeje?

Mimi, mke wa mgonjwa

*

SHANGAZI ANAJIBU

Mwanangu, pole. Nakupa pole moja tu kwa sasa, nyingine nitakupa ukishatoka kwa daktari.

Barua yako sikuiweka kwenye foleni na nyingine. Nilimpigia daktari ninayemfahamu, anayetibu kwa mionzi, nikamsomea yote bila kukutaja. Nilipofika kwenye ngozi ya paja alinikatiza: "Wasimkate kabla hawajajua wanakata nini." Mkono uliounguzwa na mionzi unaendelea kufa ndani hata ukiona juu kumetulia, na ngozi mpya ikiwekwa juu ya nyama inayokufa itashindwa, atabaki na vidonda viwili badala ya kimoja. Na damu iliyopungua hivyo inataka ulinzi wake: homa ndogo tu inaweza kumwondoa. Unaelewa sasa? Unaniandikia kuhusu siri ya mkono, mimi nasoma habari ya uhai wa mtu.

Kiapo nacho. Ulimwapia mgonjwa kwamba utauficha ugonjwa wake kwa mtu anayemtibu. Hicho si kiapo cha kukifia, na usiniletee majina ya watoto hapa. Watoto hao wanamtaka baba.

Kaka yako amekulea, sikatai, na mtu wa namna hiyo anauma sana kumgusa. Lakini hebu muone alivyo sasa, usimuone kama alivyokuwa ulipokuwa mdogo. Ameona mkono wa shemeji yake ukioza, na bado amemweka mtu mwingine kwenye mashine ile ile. Huyo mtu mwingine ana mke pia, na mke wake leo amemfungia chakula cha kazini, hajui lolote. Umelijua hilo ukalala? Tena kaka yako mwenyewe alikisogelea kichuma na koleo lake. Nani amempima yeye? Woga umemfanya mjinga, na wewe unamsaidia kuwa mjinga zaidi.

Sasa hofu yako ya sakafuni. Kwa jinsi ulivyoeleza, kichuma kilibaki kizima na kikarudi kwenye mashine. Mume wako hana mionzi mwilini. Imempiga ikapita, kama mtu aliyeungua na jua: ukimshika mkono, jua halikuhamii. Daktari wangu amerudia hilo mara mbili ili niliandike vizuri. Kwa hiyo sogeza kiti. Mlishe ukiwa karibu naye. Amekaa wiki zote hizi akiamini kwamba hata wewe unamwona kama sumu, na ukutani anakogeukia hakuna mtu.

Fanya hivi, leo. Ingia wodini, umwambie mume wako: "Naenda kusema." Usimwombe ruhusa. Akikasirika, akasirike akiwa hai. Toka hapo moja kwa moja hadi kwa daktari, useme maneno haya: ameshika chuma chenye mionzi kazini, siku fulani, kwa mikono yake, na akabeba mpira wake begani. Mwambie alitapika jioni ile ile. Mwombe aite wakaguzi wa serikali wa mionzi mbele yako, ili mashine isimame kabla jua halijazama. Kaka yako mpigie baada ya hapo. Nimesema baada, si kabla, maana ukimpigia kabla atalia, na wewe machozi yake huyawezi.

*

Jibu hilo nilimsomea mwenye barua kwa simu, kwa namba aliyoniachia, sikungoja litoke gazetini. Aliyoyafanya baadaye amenieleza mwenyewe, na ameniruhusu niyaandike ili wengine wenye siri kama yake wasingoje.

Alisema yote. Daktari alikaa chini, akashika kichwa, kisha akasimama na kuanza kupiga simu. Upasuaji ulisimamishwa. Mume amehamishiwa hospitali kubwa, kwenye chumba cha peke yake, wanamlinda na maambukizi. Vidole vitatu vimekatwa na hawajaahidi kwamba watakomea hapo. Mashine imefungiwa, na yule mtu aliyechukua nafasi amepimwa, damu yake ni nzuri. Mama mkwe amewarudisha watoto. Hakuomba radhi. Aliingia, akaosha vyombo vyote vilivyokuwa kwenye beseni, akaondoka.

Mume wake hakusema naye kwa siku nyingi. Siku moja mke alipokuwa anamfuta uso, mume alimuuliza, "Huogopi tena?" Akamjibu, "Nilidanganywa na woga wangu. Daktari amesema huna kitu cha kuniambukiza." Mume akafumba macho, akamwachia uso aendelee kuufuta. Mpaka sasa hayo ndiyo mazungumzo yao, na mimi nayaona si haba.

Kaka yuko mahabusu akisubiri kesi. Wamempima, naye damu yake imeshuka kidogo. Wifi, mke wa huyo kaka, amemfungia mwanangu mlango na kumwambia asikanyage kwao tena. Kwa hiyo mwanangu ameniandikia ujumbe mfupi kuliko barua ya kwanza: "Shangazi, niende kumwona, au ndiyo nimeshapoteza haki hiyo?"

Nenda. Usiende kumwomba msamaha, kwa sababu hukumkosea, na usiende kumhesabia makosa, atahesabiwa na hakimu. Mpelekee nguo safi na sabuni, na umwambie hali ya shemeji yake ilivyo, vidole vitatu, bila kumpunguzia wala kumwongezea. Akikataa kutoka kukuona, mwachie askari ule mfuko, mwambie umetoka kwa mdogo wake. Siku nyingine ya kuonana na mahabusu ikifika, panda gari uende tena.

Ile pole ya pili niliyokuwekea, ichukue sasa.