Habari za Mvua Kwanza

Aabo,

Allah akurehemu, baba yangu. Wiki iliyopita nilikuwa Garissa, Mahakama Kuu, kwenye benchi lile lile ulilosema linaumiza mgongo. Nina habari, na nitazitoa kwa utaratibu wako. Kwetu Diff kumenyesha. Majani yamefika magotini. Mama, hooyo wetu, ni mzima, ila bado anakumiminia chai, kisha anakumbuka.

Unawakumbuka wageni wetu? Hakuna aliyetaja shida yake kabla hujamwambia "warran", yaani lete habari, naye akatoa habari za mvua, malisho, visima, na afya ya watu wote. Sisi watoto tulisinzia huku nyama ikipoa. Wewe ulisikiliza mpaka mwisho. Wallahi, ulipenda kurefusha mambo, na siku hizi nyumba ina kimya ambacho sikipendi.

Ndivyo ulivyofanya mbele ya hakimu. Alikuuliza kama Adey, ngamia wetu aliyepotea wakati wa kiangazi, ni wako au ni wa jirani aliyemkamata. Ukaanza na mvua. Akaandika kwamba unakwepa swali, akakuketisha, akampa jirani ngamia. Nje ulimwambia wakili wetu, "Mimi iko bado kwa mvua, yeye nafunga kesi." Tulicheka sote isipokuwa wewe. Kuitwa mkwepaji kulikuuma kuliko kumpoteza Adey, na umeingia na uchungu huo kaburini. Hilo linaniuma, Aabo. Linaniuma sana.

Sasa sikia. Jaji wa Mahakama Kuu alisema hakukaa pale kuamua ngamia ni wa nani. Amri tuliyoomba kwake dhidi ya hakimu haitolewi ovyo, ni ya pale tu hakimu anapokiuka mipaka ya kazi yake. Nikakata tamaa. Kisha akasoma kwamba hakimu aliikiuka mipaka hiyo: "Mzee huyu hakusikilizwa." Uamuzi umefutwa. Hakimu yule amezuiwa kuigusa tena kesi, itaanza upya kwa mwingine. Nililia mbele za watu, mtandio ukalowa.

Adey bado yuko kwa jirani, na nasikia amezaa. Wajomba na kaka zangu wamekubali nisimame mahali pako.

Pumzika, Aabo, mpaka Allah atukutanishe. Nakuahidi hivi: hakimu mpya akiniuliza ngamia ni wa nani, nitamsalimu vizuri, halafu nitaanza na mvua.

Binti yako