Waya Unaopita Stoo Kwangu

Jumatano, Ujiji. Mvua imenyesha tangu alfajiri, sasa yamebaki manyunyu ya kuudhi, yale yasiyolowesha shamba wala kukuacha uanike kitu. Nimeamka na hasira. Nimekunywa chai na hasira. Naandika nayo.

Mnaonisoma siku zote mnajua humu ndani tuko watano: mimi, mwanangu Hamisi, mke wake Jamila na watoto wao wawili. Jamila ndiye aliyenifungulia ukurasa huu, siku niliyomchosha na maneno. Alisema, "Mama, andika, watu wengine nao wakusikie, mimi nipumzike." Shule niliishia darasa la nne, lakini maneno sijawahi kuishiwa. Naandika kwa kidole kimoja kwenye simu. Jamila anasoma kwanza, ananirekebishia herufi, ndipo anarusha.

Hilo la kusoma kwanza mlishike.

Kazi ya Jamila ni video za harusi. Akirudi harusini anaziingiza kwenye kompyuta kubwa ya chumba cha mbele, ndiyo ghala lake. Kukata na kuunga anafanyia kwenye kompyuta ya chumba cha nyuma, kwa sababu mbele ni barabarani na bodaboda hawana adabu. Kati ya kompyuta hizo mbili kuna waya. Unatoka mbele, unafuata ukuta wa korido, unapita stoo kwangu, unatokezea nyuma.

Zamani harusi nzima ilihama kutoka mbele kwenda nyuma wakati nasonga ugali. Ugali ukiiva, na harusi imefika. Sasa ni mwezi mzima, nabandika maharage makavu, yanachemka, yanaiva, nayaunga kwa mawese, watu wanakula, vyombo vinaoshwa, na bibi harusi bado yuko koridoni anatambaa.

Mwezi mzima huo nimesikia ushauri wa kila mwenye mdomo. Jirani akasema ni intaneti, tubadilishe kampuni. Jamila akamwonyesha simu, mambo yanafunguka haraka kuliko kufumba jicho. "Ya nje haina shida," akasema, "hii ni safari ya humu humu ndani." Akafuta mafaili ya zamani. Akatafuta virusi, hakuvipata. Akaazima kile kisanduku chenye vitaa ambacho waya zote huchomekwa, akabadilisha, mwendo ukabaki ule ule. Akajaribu kubeba kwa flashi, lakini flashi yake ni ndogo, ikawa anatembea koridoni kutwa nzima kama mtu anayejaza pipa kwa kikombe.

Na mwanangu Hamisi, mwanaume mzima mwenye ndevu, dawa yake ni moja tu. "Umezima ukawasha?" Kila siku. Hata mtoto akiumwa tumbo naogopa atauliza hivyo.

Mimi je? Mimi nilikuwa na langu. Nilimwambia Jamila kompyuta yake imerithi uvivu wa mwenyewe. Nilimwambia angefagia chumba kile cha nyuma ingekwenda. Nilisema hivyo mbele ya mashoga zake, nikaona wanatazama chini.

Alhamisi iliyopita akaja fundi Elia, mtu mzima wa Kalinzi, mwenye heshima zake. Akanisalimia Kiha, "Mwakeye, mama," nikampenda papo hapo. Akainama nyuma ya kompyuta, akatazama kitaa kidogo pale waya unapochomekwa. Akasema kwenye mashine hizi kile kinatakiwa kiwake kijani, hiki kinawaka njano, maana yake waya unapitisha kidogo kuliko uwezo wake. "Kuna mahali pameumia. Tuufuate."

Wakaufuata. Koridoni ukawa mzima. Wakafika mlango wa stoo, wakanikuta nimesimama katikati ya mlango.

"Humu haingii mtu," nikasema. "Kuna nguo zangu."

"Mama, naangalia waya tu."

"Waya nimeuangalia mimi. Mzima."

Elia ni mstaarabu, hakubishana na mwanamke wa umri wangu. Akasema kama waya ni mzima, basi tundu la kuchomekea kwenye mojawapo ya kompyuta limekufa, na hilo ni jambo kubwa, pengine kompyuta mpya. Jamila akaegemea ukuta. Kuna harusi ameahidi kuikabidhi Ijumaa hii, mama wa bibi harusi anampigia simu asubuhi na jioni.

Jumapili baada ya kula akaniambia kwa upole, "Mama, tumepata vyumba viwili Bangwe. Vina waya mpya, na pametulia. Hamisi ameshaviona. Tutakuja kukutembelea kila wiki."

Angenifokea ningejua la kumjibu. Upole ule ulinifunga mdomo. Watoto nao wanaondoka, bila shaka. Yule mdogo ambaye halali mpaka anishike sikio.

Nyumba hii nitabaki na panya.

Sasa niseme la hao panya, maana ndilo linalonikereketa, na hasira yote niliyoandika hapo juu, anayeistahili ni mimi mwenyewe.

Mwezi uliopita nilinunua gunia la dagaa pale Kibirizi kabla mbalamwezi haijakolea, maana mwezi uking'aa mitumbwi haitoki na dagaa wanaadimika. Nikaliweka stoo, ukutani, juu ya waya. Jamila aliniona. Akasema, "Mama, gunia lisikae pale, panya watafuata harufu na watakuta waya." Nikamjibu kwamba hii nyumba nimeijenga na marehemu mume wangu kabla yeye hajajua kufunga viatu, na gunia langu litakaa ninapotaka likae.

Siku ya tatu nikakuta waya umetafunwa.

Jamila alikuwa harusini. Nikaona aibu ya kumwambia kwamba alisema kweli. Na mimi nimeunga nyavu Kibirizi tangu sijaolewa, hakuna uzi ulionishinda. Nikachukua kisu, nikaumenya ule waya. Ndani nikakuta nyuzi nane nyembamba za rangi, zimesokotwa mbili mbili. Za bluu na za kahawia panya alizila mpaka ndani, zilikuwa hazifikiani tena. Za rangi ya chungwa na za kijani zilifikiana. Nikaunga hizo nne, zile nyingine nne nikazikata zisinichokoze. Nilijiambia taa ya umeme inawaka kwa nyaya mbili, sasa nne zitashindwa nini? Nikafunika kwa kipande cha nailoni, nikapiga fundo la nyavu, nikarudisha gunia.

Jamila akarudi, akawasha, ikafanya kazi. Nikajisifu moyoni.

Naapa sikujua kwamba nusu ya nyuzi ni mwendo wa maharage. Mpaka Elia aliposema pameumia. Hapo nilijua, sawasawa kama mtu anavyojua jino linalouma. Na nikasema mzima.

Leo asubuhi nikasema niumalize huu mchezo mwenyewe. Nikavaa miwani, nikafungua fundo, nikavuta waya uliolegea, nikamenya upya mpaka nyuzi zote nane zikafikiana. Lakini nne kati ya hizo ni nyeupe zenye mstari mwembamba wa rangi, na taa ya stoo ni hafifu, na macho yangu ni ya bibi. Nyeupe zote zilikuwa moja kwangu. Nikaunga hivyo hivyo, kila moja na iliyo karibu yake.

Nikasikia Jamila huko nyuma, "Jamani! Sasa imekata kabisa!"

Nikachungulia. Ameketi sakafuni, mgongo kwenye kitanda, mikono magotini. Hamisi amesimama mlangoni, nikaona anafungua mdomo, nikamwambia, "Thubutu." Akaufunga.

Naandika hapa stoo, nimekalia kigoda, mlango nimeurudishia. Mitandao ya hewani bado inafika kwenye simu yangu, hiyo haikupitia mikononi mwangu. Nimejaribu mara mbili kutoka nikaseme kwa mdomo. Mdomo huu ambao mnausifia haukufunguka. Kusema nimekosa ni kazi ambayo sikufundishwa, na umri huu sina wa kunifundisha.

Jamila, wewe ndiye unayesoma kwanza. Waya uko nyuma ya gunia la dagaa. Niliuunga mimi, mara ya kwanza na leo. Kompyuta zako ni nzima. Wewe si mvivu. Herufi nilizokosea rekebisha, maneno usiguse.

Naongeza hapa chini, ni baada ya alasiri.

Nilimpa Jamila simu, akasoma amesimama koridoni. Mimi nilitazama miguu yangu. Alisoma mpaka mwisho, akarudi juu akasoma tena, sijui alikuwa anatafuta nini. Kisha akaingia stoo, akasogeza gunia, akauinua ule waya kwenye mwanga wa simu.

"Mama, fundo hili ni la kuvulia mgebuka."

"Linavuta hata mtumbwi," nikasema, mdomo ukajibu wenyewe.

Akacheka kidogo, puani. Halafu akaacha kucheka. "Mwezi mzima, mama. Mbele ya rafiki zangu."

Nikasema, "Nimekosa." Kwa sauti. Hamisi alikuwa anakunywa maji, akapaliwa.

Ametuma mtu akamwazimia kitu cha kubebea video, kikubwa, kitakachomaliza harusi kwa mikupuo miwili. Ijumaa atakabidhi. Elia amepigiwa simu, nimesikia anacheka huko upande wa pili, na amecheka sana kwa mtu mstaarabu. Amesema waya wa namna hii hauungwi kwa vidole, unabadilishwa wote, na safari hii ataupitisha juu, karibu na dari.

Juu ya Bangwe Jamila hajasema kitu. Nami sijauliza. Nimeona tu mikoba iliyokuwa imeanza kupangwa kitandani bado iko pale pale, haijafungwa, haijafunguliwa.

Gunia nimeliburuta mwenyewe mpaka jikoni, nimelitundika kwenye msumari mkubwa, mgongo unanilipiza. Nguo zangu za stoo nimezitoa. Elia anakuja kesho saa mbili asubuhi. Mlango wa stoo nitamfungulia mimi.