Siku Usizoandika

3 Machi

Shikamoo, Dada,

Hamjambo huko? Mama anaendeleaje? Mimi mzima, ila nimechoka hoi.

Umeniuliza ni kazi gani hii isiyoisha. Natengeneza sehemu ya redio inayopokea mawimbi, ndani ya chipu ndogo kuliko punje ya mchele. Wimbi linakwenda mbio mno, na kulitazama muda wote kunakula betri. Kwa hiyo tunalichungulia mara moja moja, na hizo mara chache zinatutosha kujua limebeba nini. Ndivyo tulivyodhani. Chipu za kwanza zimerudi kutoka kiwandani, kipimo kinaonyesha mstari ulionyooka tu, kama hakuna wimbi. Tunaanza upya. Bosi kasema hakuna likizo mpaka Agosti. Mama ataweza kunisubiri?

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku hatujambo. Juzi Mama aliongezewa damu, kama kila mwisho wa mwezi, na leo kaamka mwenyewe, kaoga, kanigombeza kwa sababu ya chumvi. Anasema hiyo chipu imekurithi wewe: inachungulia na kuondoka! Maliza kazi yako, hatuna haraka.

Dada yako

5 Mei

Shikamoo, Dada,

Habari za huko? Mimi sina raha. Leo tumeliona kosa. Saa ya ndani ya chipu, ile inayosema lini tuchungulie, ilikuwa inakwenda sambamba na wimbi. Kila tukichungulia tunalikuta palepale, juu kabisa, basi tukaona limetulia. Kumbe katikati lilikuwa likishuka na kupanda, sisi hatuna habari.

Wenzangu wakashangilia. Mimi nikatoa barua zako mkobani. Zote umeziandika mwanzo wa mwezi, Mama akiwa ametoka kuongezewa damu. Dada, siku usizoandika, Mama yukoje? Usinifiche, tafadhali.

Mdogo wako

19 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Ya hatujambo leo tuyaache.

Mama hajainuka tangu juzi. Damu ya safari hii haikumfikisha popote. Namgeuza, namlisha, na wakati mwingine ananiita kwa jina la shangazi, ambaye hayupo tena. Ni yeye aliyenikataza. "Usimwandikie nikiwa hivi, mwache mtoto afanye kazi." Nami nikatii, na nimechoka kutii. Mgongo umechoka, mikono imechoka, hata ulimi umechoka kusema hatujambo. Daktari hataki kuzungumzia Agosti.

Njoo.

Dada yako

24 Mei

Shikamoo, Dada,

Pole. Pole sana, na nisamehe.

Michoro ya chipu nimemwachia mwenzangu. Bosi kafoka, na afoke. Nitafika Jumamosi.

Usimwambie Mama. Akijua, atakulazimisha umwogeshe, umvike, umkalishe kitini anisubiri huku anatabasamu. Mwache alale, Dada. Safari hii nataka nimkute alivyo.

Mdogo wako