Vigingi vya Barabara ya Mukuyuni

Kwako dada Mwende,

Nimefika mjini Kabati nikiwa mwekundu kwa vumbi, mgongo unaniuma ajabu. Hotelini nimekula muthokoi na mzee aliyesaidia kupima barabara yetu zamani. Nikamuuliza, nimekasirika, kwa nini waliipindisha ikatuacha mbali hivyo, mpaka leo tunabeba magunia ya mbaazi mgongoni.

“Tuliipima ipite kwenu kabisa,” akasema. “Mtu wa kwenu aling’oa vigingi vyetu vyekundu. Aliogopa shamba lake litaliwa.”

Na Baba analalamikia serikali juu ya barabara hiyo tangu tuzaliwe.

Nisalimie Mama. Baba naye mwambie nampenda, lakini nikirudi atanieleza alikitoa wapi kile kigingi chekundu anachofungia mbuzi.

Ndugu yako,
Mutua