Mama Mkwe Nyumba kwa Nyumba

Jumatatu, 4 Machi

Virusi vimerudi.

Nimeandika nione kama nitaamini. Bado. Daktari, yule kijana ambaye miwani inamteleza puani kila akiinama, alivuta kiti chake akaja kukaa upande wangu wa meza. Nikajua kabla hajafungua mdomo. Daktari akihama upande wa meza, hakuna jema. Kasema vidonge nilivimeza sawasawa, sikukosea popote, kwamba wengi wanapona homa hii ya ini na wachache dawa inawakatalia. Basi mimi ndiye wachache. Sijawahi kushinda bahati nasibu hata ya sufuria, leo ndiyo nimepatikana!

Nikamwambia, lakini nilipomaliza dawa damu ilikuwa safi. Akasema ndiyo, virusi vilikuwa vimepungua mno hata kipimo hakikuviona, ndiyo maana alitaka nirudi baada ya miezi mitatu kwa kipimo cha uhakika. Alituambia siku ile tusisherehekee. Ni kweli, alituambia. Lakini Mama, mama wa mume wangu, alikuwa kakaa ubavuni kwangu, na Mama akishasikia neno "safi" masikio yake yanafunga duka.

Sasa hapo ndipo penye kazi. Mama mkwe wangu ameutangazia mtaa mzima kwamba nimepona. Alipita nyumba kwa nyumba na magoti yake yale mabovu, akapanda ngazi, akabisha hodi. Fundi viatu anajua. Muuza mkaa anajua. Hata yule jirani wa ghorofa ya juu ambaye hawasalimiani tangu ugomvi wa kamba ya kuanikia nguo, naye alipelekewa habari.

Nimemwambia mume wangu peke yake. Akachukua bisibisi akafungua swichi ya jikoni ambayo haikuwa na tatizo lolote. Akaitazama ndani. Akaifunga. Fundi umeme ndivyo anavyolia, nafikiri. Nikamuuliza, Mama ataambiwa na nani? Akatazama dari.


Jumatano, 6 Machi

Kazini. Mikate ya asubuhi ilitoka vizuri, ya mchana niliiacha kidogo ikaungua kwa chini. Nilikuwa nimeinamia oveni nawaza ini.

Mteja wa skonzi, yule mwenye mgahawa hapo kona, kanishika mikono yote miwili kwenye kaunta. Hongera, umenawiri, kweli umepona! Nikasema asante.

Asante! Ningeweza kusema lolote. Nimesema asante na kutabasamu juu, na kumfungia skonzi zake.

Hamira alikuwa ananitazama. Ndiye mkandaji wetu. Tunamwita hivyo kwa sababu hachelewi kufura. Kanichukulia trei mkononi. Nilipogeuka nikamwona Mama naye yupo foleni, kaja kununua mkate. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Kalipa, kaondoka, hakupiga hata soga moja. Mama kuondoka dukani bila soga!


Ijumaa, 8 Machi

Nimemwambia Mama.

Tulikuwa tunakunja mashuka, yeye ncha zake, mimi zangu. Nikasema yote kwa pumzi moja. Hakuacha kukunja. Kauliza naumwa wapi. Siumwi, nachoka tu. Kauliza ini limefikia wapi. Sijui, litapimwa wiki mbili zijazo. Kauliza kama kuna dawa nyingine.

Ipo, nikasema. Ni ndefu mara mbili ya ile, na inaongezewa vidonge vinavyopunguza damu na kuchosha mwili. Na mimi sitaki.

Nimelisema hapo kwa mara ya kwanza, hata mume wangu sijamwambia. Siogopi vidonge, nimemeza vya kutosha. Ninachoogopa ni kule kungoja. Kuhesabu miezi, kuanza kupanga mambo ya mwaka ujao, kununua viatu vipya kama mtu mwenye maisha marefu, halafu daktari anavuta kiti. Nilitumaini mara moja kwa moyo wote, na sina moyo mwingine wa akiba.

Nilitegemea mahubiri. Mama ni mtu wa kukufundisha hata namna ya kufungua mlango wa nyumba yako. Mara hii hayakuja. Tulikutanisha ncha za shuka la mwisho, akalipigapiga likalala, akavaa viatu vyake vya kutokea, akaenda. Nikajua kaenda kulia mahali, nikamwacha.


Jumamosi, 9 Machi

Hakwenda kulia!

Nimepeleka kiatu kushonwa. Fundi viatu kanitazama, kainamisha kichwa, kasema ameshaambiwa na hatauliza. Kaambiwa nini? Na nani? Ikatoka polepole. Kumbe jana Mama alipita tena. Nyumba zile zile, ngazi zile zile. Kila mlango alisema kwamba alikuja akawaambia mkwewe amepona, alikosea, ugonjwa umerudi. Tena wasinipe hongera, na wasinipe pole njiani nikiwa nimebeba mizigo. Mwenye swali amfuate yeye.

Nimerudi nyumbani moja kwa moja. Nimempandishia sauti mama mkwe, mimi, ambaye kwa miaka yote hii nikiudhika naosha vyombo kwa kelele. Nikamwambia ugonjwa ni wangu, si gazeti. Mume wangu kasimama mlangoni na waya mkononi kama mtu aliyesahau anakwenda wapi.

Mama kaniacha nimalize. Kisha kasema, "Mwanangu, una haki. La kwanza nilitangaza bila kukuuliza, nikaharibu. Na hili la pili pia sikukuuliza. Ila nilikuona Jumatano pale kaunta unasema asante. Uso ule ni mimi niliyekuvalisha. Nikaona niende nikauvue mwenyewe."

Nimejifungia chumbani. Hasira ninayo bado, naiandika nayo hapa, na ina haki yake. Lakini kuna kitu kingine kinaisukuma. Najaribu kumwona pale kwenye ngazi. Anashika ukuta, anapumzika, anapanda. Anabisha kwa yule jirani wa kamba ya nguo, ambaye angetoa chochote amwone Mama kaaibika, na anamwambia usoni: nilikosea. Najua watu wenye vyeo na magari ambao neno hilo halijawahi kuwapita kooni. Yeye kalisema nyumba kwa nyumba, mchana kweupe, kisha karudi kupiga pasi.

Sijui nimkumbatie au nimfungie ndani.


Jumanne, 12 Machi

Siku ya leo lazima niiandike yote.

Habari imefika kazini, ilikuwa lazima ifike. Mwenye mgahawa hajachukua skonzi tangu Jumamosi. Wateja wawili wamemuuliza bosi kama mimi nashika unga. Bosi kaniita kando, mtu mwema, hajui aweke wapi mikono, kasema labda kwa muda niende stoo nisimamie magunia. Kwa ajili ya afya yangu, eti. Hamira kafura palepale. Kasema kama mimi naenda stoo basi naye anakwenda huko huko, na bosi akande mwenyewe. Bosi hajawahi kukanda hata donge la chapati.

Nilikuwa nimeshavua aproni. Nakiri nilikuwa nimekubali. Unapochoka, hata dharau inakuwa kama kiti cha kukalia.

Ndipo Mama kaingia. Foleni imejaa. Kasema anataka mkate wa moto, na anataka nimkatie mimi, kwa mkono wangu, si kwa mashine. Nikavaa aproni. Nikanawa, nikakata. Mama hakuufunga. Kasimama hapohapo kaunta akaanza kula. Mkavu! Hana chai, hana maji, na meno yake ya bandia hayapendi ganda gumu. Kipande cha kwanza. Cha pili. Foleni nzima inamtazama akitafuna, wala hana haraka.

Alipomeza cha tatu kageuka. Kasema homa hii haipiti kwenye mkate wala kwenye sahani wala kwenye mkono, inapita kwenye damu. Daktari kamweleza, na kama kuna asiyemwamini yeye, njia ya kliniki anaijua. "Kwa hiyo kama kuna mtu hapa alikuwa anataka kutumia wembe mmoja na mke wa mwanangu, aseme sasa tumkatalie."

Mzee mmoja nyuma kacheka mpaka kakohoa. Kisha wengine. Bosi naye, masikini, kacheka huku anatazama sakafu. Habari za stoo zikaishia hapo.

Si wote walionunua. Wawili waliondoka kwenye foleni, niliwaona. Na mwenye mgahawa hajarudi. Lakini nimeoka mpaka mwisho wa zamu, na mikate ya mchana haikuungua.

Jioni tumerudi pamoja, yeye kanishika mkono kwa sababu ya magoti. Nikamwambia, Mama, leo umeniheshimisha. Kanijibu kwamba ganda lile ni gumu kuliko lawama, nipunguze moto.

Nampenda mwanamke huyu. Sijawahi kuliandika.


Jumapili, 17 Machi

Uchovu. Nimelala mchana kutwa. Mama kapiga pasi mashati yote, na alipoishiwa mashati kapiga soksi. Hajauliza habari ya dawa ya pili. Hata mara moja. Namngoja aanze ili nikatae, haanzi.


Alhamisi, 21 Machi

Ini limepimwa. Kimashine kinagonga ubavuni, kinaweka namba. Makovu yapo, hatua ya tatu, na ya nne ndiyo mbaya kabisa. Mume wangu kashikilia mkoba wangu muda wote kwa mikono miwili.

Nimemuuliza daktari swali nililolibeba tangu siku ile: na hiyo ya pili ikishindwa je? Kasukuma miwani. Kasema huenda ikashindwa, hataniahidi, ingawa kwa wengi ya pili inakubali. Ikishindwa, tutalilinda ini: pombe hapana, kupima kila baada ya miezi sita, kuangalia uvimbe mapema, na kungoja dawa mpya. Watu wanaishi hivyo, kasema, wanafanya kazi na kulea wajukuu. Lakini kungoja bila kujaribu, na makovu haya, yeye hakushauri.

Hakunidanganya. Kijana mdogo vile, na hakukimbilia kunibembeleza. Nimemheshimu.

Nikaomba muda. Kanipa mpaka Jumatano, tarehe tatu.

Nyumbani nimemwambia mume wangu waziwazi kwamba bado nasitasita, na kwa nini. Kasema, "Ingekuwa ni mimi wa kumeza, ningemeza, lakini simezi mimi." Kisha: "Ukikataa nitakuwa na hofu. Ukikubali nitakuwa na hofu. Nitakuwepo." Kwa mtu anayeongea na swichi, hiyo ni hotuba.


Jumamosi, 30 Machi

Mwenye mgahawa kaja. Kachukua skonzi chache, nusu ya zile za zamani. Hakunishika mikono ila kanitazama machoni. Nimemkaribisha tena. Nusu si haba.

Mama anataka kuja nami kwa daktari Jumatano. Mume wangu ana kazi ya jengo zima, hawezi kutoka. Nimemwambia Mama aje. Nilijua nafanya nini. Nilitaka mtu atakayenisemea.


Jumatano, 3 Aprili

Naandikia magotini, kwenye benchi la nje ya chumba cha daktari.

Daktari katueleza upya, polepole, mimi na Mama. Miezi sita. Damu itapungua, atanipima kila baada ya wiki kadhaa, na ikishuka sana atapunguza vile vidonge vya kuongezea. Zipo siku oveni itanishinda. Kisha kauliza: tuanze?

Nikamgeukia Mama. Nilikuwa na uhakika kama ninavyojua jina langu kwamba ameshavuta pumzi ya kujibu. Huyu ndiye aliyenijibia siku ya posa yangu kabla baba yangu hajamaliza kukaa. Ndiye aliyenichagulia pazia, na dobi, na rangi ya jiko. Alikuwa anatazama ncha za viatu vyake.

Daktari kangoja. Mimi nimengoja. Mama kangoja. Mwishowe daktari kasema tukakae nje kidogo, atamwona mgonjwa mwingine kwanza.

Hapa nje nimemuuliza moja kwa moja. Mama, unasemaje?

Kavua miwani, kaipangusa, kaivaa. "Nikisema meza, utameza kwa ajili yangu. Nikisema acha, utaacha kwa ajili yangu. Nakujua. Sisemi."

Nikasema, Mama, nisaidie.

"Ndiyo nakusaidia," kasema, na sauti ikamkatika katikati.

Sijawahi kumsikia sauti ikimkatika. Wala kwenye msiba wa mumewe. Ninavyoandika hivi kakaa wima, mkoba magotini, kaubana kama kuna mtu anauvuta. Ameikaza midomo mpaka imekuwa myeupe. Mwanamke aliyepanda ngazi zote zile kwa kusema, sasa anapambana na jibu moja lisimtoke, na naona linavyomtesa, na halimtoki. Nakaa hapa nawaza kwamba sijawahi kuona mtu akifanya kazi ngumu hivi.

Sasa midomo imelegea, inacheza. Anaomba. Bila sauti kabisa, nisije nikasikia anaomba lipi.

Mlango umefunguliwa. Mgonjwa mwingine anatoka. Nesi ananiangalia mimi, anasema karibuni, na Mama hasimami. Anangoja nisimame mimi kwanza. Nafunga daftari.