Siku Nilikimbia Ng'ombe za Mahari Yangu

Mujukuu wangu Aline,

Hapa Bukavu tuko. Kikohozi ya maman yako imepona, na mvua inatoboa paa yetu kama kawaida.

Unaniandikia kwamba profesa wenu wa Kinshasa amefundisha hivi: mutoto akikomaa ndani ya woga, njia za ubongo wake zinajichonga kivingine, na ile sehemu ya kuchunga hatari inabaki macho hata amani ikirudi. Unauliza kama miye koko yako, bibi yako, niliharibika.

Sikiliza. Utoto wangu kule Miti, wa kukimbia usiku kila tukisikia vishindo, unaujua, siurudilii. Siku ya mahari yangu, wakwe walifikisha ng'ombe mbio. Nikasikia tu vishindo, na nikajikuta ndani ya migomba, kikwembe kipya nilichovaa kimepasuka. Kule uani wazee walishaanza kusema bibi-arusi amekataa bwana.

Mama mukwe akanifuata, akakaa kwenye matope pembeni yangu. "Ni ng'ombe, mutoto wangu," akasema. "Tuzisikilize pamoja mpaka uzizoee."

Tukasikiliza. Kisha nikarudi kwa miguu yangu, na matope yangu yote, mbele ya wale wazee.

Profesa hadanganyi. Hata leo mulango ukijipiga na upepo, moyo wangu unakimbia wa kwanza. Ninauacha uende, miye ninaendelea kutwanga majani ya sombe mpaka urudi.

Lakini kuharibika, hapana. Umuambie profesa wako: koko yangu alikimbia, akarudi, akaolewa. Na wewe umetoka humo.

Miye koko yako