Matoka Kando ya Bwawa la Mzee Ngatia

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Nyeri, tarehe 16 Agosti 1976

Jina: Simeon Wamae. Umri: miaka hamsini na moja, au karibu hapo. Kazi: kutengeneza bustani. Makao: Kiriaini, lakini kwa sasa nalala stoo kwa Mzee Ngatia, barabara ya Mweiga.

Kwanza naiarifu Serikali, kwa heshima zote, kwamba bwawa la kuogelea la Mzee Ngatia limepata maua. Afande ameniambia niache mzaha, kwa sababu mtu mmoja yuko hospitalini hajaamka na mwingine yuko seli. Ni kweli. Nikiwa na hofu mdomo wangu hukimbia mbele yangu.

Mzee alinunua nyumba hiyo kwa mzungu aliyerudi kwao. Bwawa alilikuta nyuma ya jikoni, limejaa vyura. Maji yake ni baridi hata bata angekataa, lakini Mzee alitaka wageni wakae kando yake kwa viti. Mwezi wa Julai aliniita nipapange mahali hapo. Nililaza mawe mapana kuzunguka maji, nikapanda nyasi. Upande wa chini udongo ulikuwa unaporomoka kila mvua ikinyesha. Nilitaka mmea wa kushika udongo, usiomwaga majani ndani ya maji. Nikachagua matoka.

Kila mtu huku anayajua matoka. Maua yake ni mazuri, lakini sisi huyapanda kwenye mpaka wa shamba, mbele ya wazee na watoto wa mwenye shamba, na yakishapandwa hayang'olewi. Nilijua. Lakini nimefanyia wazungu kazi miaka mingi, kichwa changu kikazoea kwamba ua ni la kutazamwa tu. Hata hivyo nilimwuliza Mzee. Alicheka.

"Mpaka wa nani na nani, Wamae? Wangu na vyura?"

Basi nikayapanda kwa mstari, kutoka kona ya bwawa hadi kwenye seng'enge.

Mnamo tarehe 14 Agosti, Jumamosi mchana, Theuri alikuja kutoka Kianyaga, anakofanya kazi kwenye kiwanda cha kahawa. Yeye ndiye mtoto wa kwanza wa Mzee. Mama yake alikufa zamani. Mzee ana mke mwingine, Mama Wakonyo, ambaye ana watoto wadogo. Nilikuwa nafagia mawe. Theuri aliutazama ule mstari, akaniuliza hata kabla ya salamu, "Wamae, nani aliita wazee?"

"Wazee gani? Hayo ni maua tu."

"Usinifanye mtoto."

Mzee alikuwa ametoka jikoni na kikombe cha chai. Theuri akamwambia, "Baba, umegawa shamba na mimi sikuitwa? Hapo chini si ndipo mama amezikwa?"

Neno moja lingetosha. Mzee angesema ni ya kushika udongo, na sote tungekunywa chai. Lakini hakupenda kuulizwa mbele ya mfanyakazi.

"Na kama nimegawa?" akasema. "Shamba ni yako ama ni yangu?"

Theuri alipiga magoti akaanza kuyang'oa matoka, akiyatupa nyuma yake. Alikuwa analia. Udongo uliolowa ukatapakaa juu ya mawe. Nikasema, "Jamani, hayo nimeyabeba kwa kichwa tangu mtoni, na kichwa chenyewe ni hiki mnachoona," nikidhani watacheka. Hakuna aliyecheka.

Mama Wakonyo amewaambia polisi kwamba Theuri alimtupa baba yake majini na kumkalia. Hadanganyi. Alitoka aliposikia kishindo, na alichokiona ni Theuri akiwa juu ya Mzee ndani ya maji. Lakini yaliyotangulia niliyaona mimi.

Mzee alimjia Theuri kwa haraka, mkono juu. Hakumfikia. Alikanyaga ule udongo, akateleza, kichwa kikagonga jiwe la ukingo, akaingia upande wenye kina. Wakati huo Theuri alikuwa bado amepiga magoti, amempa mgongo, mikono yote miwili imeshika matoka. Hakuna aliyemgusa Mzee. Theuri aligeuka aliposikia maji, akaruka na koti na viatu, akamkumbatia baba yake, wakazama wote. Wakaibuka, wakazama tena. Mimi nilisimama na ufagio kama mlingoti. Mama Wakonyo alipopiga mayowe ndipo nilipochukua reki nikawanyoshea mpini. Theuri aliweka mkono wa baba yake kwanza kwenye mpini, halafu ndipo akashika yeye.

Hayo ndiyo niliyoyaona, na hakuna aliyenituma kuyasema.

(Sahihi) S. Wamae

Nimeandika maelezo haya mimi, Konstebo Mutahi, na kumsomea shahidi, naye akakubali kuwa ni sawa. Alipofika mlangoni alirudi, akaomba niongeze jambo moja alilosahau: Theuri hajui kuogelea.